"Inspiring" kwa Kiswahili ni nini hasa?

Mchapaji wa Chang'ombe: Wakuu, shikamooni. Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, nachapa vyeti. Leo kaja mwalimu na cheti cha mahafali ya darasa la saba, "the most inspiring teacher", anakitaka kwa Kiswahili. Kamusi ikanipa "uvuvio", nikachapa "Mwalimu Mwenye Uvuvio". Akakisoma, kimya, halafu: "Kijana, huyu anafundisha hisabati, hajafungua kanisa." Karatasi ngumu mbili zimekwenda na maji. Mnasemaje? Na hilo neno limetoka wapi?

Katekista wa Kondoa: Marahaba. Kamusi haijakudanganya. Ni Kilatini, inspirare: in ni ndani, spirare ni kupumua au kupuliza. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa. Kwenye Biblia ya Kilatini, Mwanzo 2:7, Mungu anapompulizia mtu pumzi ya uhai, kitenzi ni hicho hicho. 2 Timotheo 3:16 nako sisi tunasoma "lenye pumzi ya Mungu". Ndiyo maana mwalimu kasikia harufu ya ubani! Ila angalia: "inspired" ni aliyepuliziwa, "inspiring" ni anayepuliza.

Nesi Mstaafu: Wodini "inspiration" ni mgonjwa kuvuta pumzi, basi. Kuitoa ni "expiration", na ile ya mwisho kabisa pia. Spirare hiyo hiyo.

Mama Mishikaki, Majengo: Mnahangaika na Kilatini wakati neno liko jikoni kwangu. Mkaa ukiwa na unyevu unainama, unauvuvia taratibu pale penye cheche moja, majivu yanakuingia machoni, mara kaa la pembeni nalo linakuwa jekundu. Huko ndiko kuvuvia. Moto haukuwa wangu, ulikuwa kwenye mkaa. Lakini kwenye cheti mwandikie tu "Anayetutia Moyo".

Katekista wa Kondoa: Hapo sikuungi mkono, dada. Moyo anatiwa aliyekata tamaa, mfiwa au aliyefeli. Hawa watoto hawajafeli. Na "ilhamu" ya Kiarabu ni tamu, ila darasa la saba watauliza ni nani huyo Ilhamu.

Mchapaji wa Chang'ombe: Mrejesho: nimemfuata Mama Mishikaki kwenye mkaa, Katekista kwenye moyo. Nimechapa "Mwalimu Aliyetuwashia Hamu ya Hisabati". Mwalimu kacheka, kakipenda. Zile karatasi mbili kakataa kulipa.