Nitajuaje kama bei za nyumba katika eneo fulani zitashuka?

Swali: Wadau, nataka kununua nyumba kwa mkopo. Nitapimaje hatari ya bei kushuka katika eneo moja tu, si nchi nzima?

Jibu la 1: Anza na wingi wa nyumba sokoni. Gawa idadi ya zinazouzwa sasa kwa idadi inayonunuliwa kila mwezi. Zikiwa 240 na zinanunuliwa 30 kwa mwezi, hiyo ni miezi 8 ya kuzimaliza zote. Miezi 6 hivi huhesabiwa kuwa soko lenye uwiano kati ya wauzaji na wanunuzi; ikizidi hapo, nyumba ni nyingi kuliko wanunuzi. Usingoje bei yenyewe ikuonye, maana wauzaji hung'ang'ania bei ya zamani: mauzo hupungua kwanza, bei hufuata baadaye.

Jibu la 2: Kwenye kipimo hicho, ongeza kingine: kodi ya pango. Gawa bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba kama hiyo. Ikizidi 20, ni ghali. Ila linganisha na miaka iliyopita ya eneo hilohilo. Angalia pia ajira. Eneo linalotegemea kiwanda kimoja ni hatari sana.

Jibu la 3: Wastani wa bei hudanganya! Nyumba kubwa zikiuzwa nyingi, wastani hupanda bila nyumba yoyote kupanda thamani. Tafuta nyumba zilizouzwa mara mbili, ulinganishe bei zake. Kisha pima mfuko wako: ukitanguliza 20% na bei ikashuka 15%, robo tatu ya fedha uliyotanguliza imeyeyuka. Kama huenda ukalazimika kuuza ndani ya miaka miwili, tafadhali ishi kwanza kwenye nyumba ya kupanga.