Malalamiko: Rekodi za ECG zimefutiwa vichwa vyake, na mama mwenye mapigo 80 ameandikwa 40

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kigoma. Nimekaa na jambo hili tangu Jumatatu nikitumaini kwamba hasira itapungua kabla sijaandika, lakini haijapungua, kwa hiyo naliweka mbele yenu mnaofanya kazi ya takwimu za afya.

Mimi ni mtunza takwimu katika mradi unaokusanya vipimo vya umeme wa moyo, yaani ECG, vya wagonjwa wa shinikizo la damu kutoka mjini na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tuna mashine mbili. Ya zamani hurekodi sampuli 250 kwa sekunde, yaani huupima umeme wa moyo mara 250, na kuhesabu namba 200 kwa kila milivolti. Mpya hurekodi sampuli 500 na kuhesabu namba 1000. Kila mgonjwa anapopimwa hupatikana mafaili mawili yanayokwenda pamoja: kubwa lenye mwisho wa dat, ambalo ndani yake ni namba tupu, na dogo lenye mwisho wa hea, ambalo ni maandishi ya kawaida. Hilo dogo ndilo kichwa cha rekodi. Ndilo linaloeleza kuna lidi ngapi, yaani pande ngapi ambazo moyo umepimwa kutoka kwazo, zimepangwaje, sampuli ni ngapi kwa sekunde na namba ngapi zinafanya milivolti moja.

Aliletwa mtaalamu wa kompyuta kwa mkataba, ahamishe rekodi zote kwenye kompyuta ya mradi na kuzipanga zisomeke kwa R, programu ya kuchambua takwimu. Alifanya kazi siku nne, akalipwa, akaondoka. Mafaili yote ya hea aliyafuta, na rekodi za mashine zote mbili akazichanganya katika folda moja kwa majina mapya. Nilipompigia simu alinijibu kwamba vile vilikuwa vifaili vya baiti mia chache visivyo na data, na kwamba ameandika vingine vifupi vya kutosha.

Vya kutosha kwa nani? Vichwa alivyoandika vina jina la rekodi, idadi ya lidi na aina ya namba, basi. Sasa mfumo huu wa mafaili ya dat na hea, uitwao WFDB, ambao ndio unaotumika katika PhysioNet, hazina ya mtandaoni ya vipimo vya mwili iliyoanzishwa mwaka 1999, una kanuni yake: kichwa kisipotaja kasi ya sampuli, msomaji huchukua 250 kwa sekunde, na kisipotaja kipimo cha milivolti, huchukua 200. Kwa hiyo rekodi za mashine ya zamani zinasomeka sawasawa kwa bahati tu, na za mashine mpya zinasomeka kwa uongo. Hakuna kosa linaloonyeshwa kwenye skrini. Wimbi linachorwa, tena zuri kabisa.

Mama mmoja alipimwa mwezi uliopita. Kati ya kilele kimoja cha pigo na kinachofuata kuna sampuli 375. Kwa sampuli 500 kwa sekunde, hizo ni sekunde 0.75, yaani mapigo 80 kwa dakika, moyo usio na neno. Kwa 250 ni sekunde 1.5, na jedwali letu likamwandika mapigo 40. Upande wa urefu wa wimbi ni vibaya zaidi, kwa sababu kila milivolti inageuka kuwa tano. Kanuni ya Sokolow na Lyon, tunayoitumia kutafuta moyo ulionenepa kuta kwa shinikizo, hujumlisha wimbi la kushuka la V1 na la kupanda la V5 au V6, ambazo ni lidi za kifuani, na jumla ikifika milivolti 3.5 mgonjwa huwekewa alama. Mtu mwenye jumla ya 1.5 sasa anaonekana ana 7.5. Karibu kila aliyepimwa kwa mashine mpya amewekewa alama, na hilo ndilo hasa swali ambalo mradi wetu uliundwa kulijibu.

Nimeambiwa na ofisi kwamba ningetazama tu ukubwa wa faili nikajua. Haiwezekani. Lidi 12 kwa sekunde 10 kwa sampuli 500 ni namba 60,000 za baiti mbili mbili, yaani baiti 120,000. Na lidi 12 kwa sekunde 20 kwa sampuli 250 ni baiti hizo hizo 120,000. Tulirekodi kwa muda wa aina zote mbili.

Kilichonisaidia ni uchafu. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na pale waya za mgonjwa zilipounyonya, meno madogo yanaonekana kwenye sehemu tulivu kati ya pigo na pigo. Niliikuza sehemu hiyo mpaka nikaona nukta moja moja, nikahesabu kutoka jino hadi jino: nukta 10. Basi ni mashine mpya, kwa maana ya zamani ingetoa nukta 5. Mpangilio wa lidi tatu za kwanza niliuhakiki kwa kanuni ya Einthoven, kwamba lidi ya pili ni jumla ya ya kwanza na ya tatu katika kila sampuli. Hivyo ndivyo nilivyoshinda usiku tatu. Lakini rekodi safi hazina meno ya kuhesabu, na karatasi zake, zilizochapwa kwa milimita 25 kwa sekunde na milimita 10 kwa milivolti, ni za joto na nyingine zimefifia zikawa nyeupe.

Kundi jingine aliliandika upya kwa kitendakazi cha writeBin bila kutaja ukubwa, na R ikaandika kila namba kwa baiti nne badala ya mbili. Kila namba ya kweli sasa inafuatwa na 0, au na -1 ikiwa ni hasi. Hilo nimelirekebisha kwa dakika kumi. Angesoma faili moja tu aliloliandika mwenyewe, akalilinganisha na la asili, angeliona.

Rekodi za MIT-BIH, mkusanyiko maarufu wa ECG kutoka Marekani, 48 kutoka kwa watu 47, zilichukuliwa kati ya 1975 na 1979, na leo nimezifungua hapa Kigoma bila kubahatisha chochote, kwa kuwa kila moja ina kichwa chake kinachosema sampuli 360 na namba 200 kwa milivolti. Zetu hazijamaliza mwaka.

Kadi za kumbukumbu za mashine mpya bado anazo yule mtaalamu. Nimemwandikia mara mbili azirudishe bila kuzigusa, na ofisi inanijibu kwamba kazi ilipokelewa na kutiwa saini. Mwenye uzoefu wa kufufua mafaili yaliyofutwa kwenye kadi za namna hiyo, tafadhali aniandikie hapa hapa. Jedwali nimelizuia lisitoke.

Yule mama alikuwa amepangiwa kurudi Alhamisi kwa ajili ya mapigo 40 ambayo hajawahi kuwa nayo, na nauli ya boti mpaka bandari ya Kibirizi hapa Kigoma aitoe mfukoni mwake. Daktari ameikagua karatasi yake leo asubuhi, na nimempigia mwanawe simu nikamwomba amwambie asisafiri.