Mpwa wangu katoka jela kwa kesi ya unga, dada anataka nimrudishe gereji. Nifanyeje?

FundiMafiati: Wakuu habari za humu. Niko Mbeya, nina gereji ndogo ya pikipiki Mafiati. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja, alikamatwa mwaka juzi na kete mbili za unga, yaani heroini. Faini ikatushinda, akaenda ndani. Katoka wiki iliyopita.

Zamani nilikuwa namfundisha kazi. Injini anaisikiliza kwa sikio tu, anakwambia ugonjwa. Ila ndiye aliyeuza kabureta tatu za wateja wangu, kisha akazitafuta pamoja na mimi mpaka usiku, tochi kashika yeye.

Dada kaja juzi na mkungu wa ndizi na kilio juu: mjomba ukimtupa, kijiwe kitamwokota. Bodaboda wawili wameshaapa akikanyaga pale wanahamisha vyombo vyao. Mke wangu hataki hata alale sebuleni. Dogo mwenyewe hasemi kitu. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni.

Nondo_Mwanjelwa: Teja haponi. Arudi kufanya nini, kumalizia kabureta zilizobaki? Sheria ingekuwa kali tusingefika huku.

Kamwene76: Salamu kutoka Iringa. Sheria kali ipo, mkuu. Ile ya mwaka 2015, heroini ikizidi gramu 200 unaongelea kifungo cha maisha. Unga mwingi umekuwa ukitoka Afghanistan, ukivuka bahari kwa majahazi ndipo ufike kwetu huku juu. Mahakamani umeshamwona mwenye jahazi, au ni hawa wa kete mbili mbili? Na sheria hiyohiyo imeacha mlango wa mraibu kupelekwa kwenye matibabu. Fundi, mlimwambia hakimu kwamba dogo anaumwa?

FundiMafiati: Hatukusema. Dada aliona aibu, akashikilia kwamba aliwekewa mfukoni.

Kamwene76: Basi hakimu alimhukumu mtu aliyeletwa mbele yake.

NipoDozi: Fundi, nisome taratibu, mimi nimetoka hukohuko. La kwanza kabla ya gereji: mwili wake umesahau unga. Akirudi kijiweni akapiga kiasi kilekile alichozoea kabla ya kufungwa, anaweza kufa palepale, pumzi inakata. Nimezika wenzangu wawili hivyo, wote hawajamaliza mwezi uraiani. Mwambie hili kwa maneno hayohayo, asilisikie kama mahubiri.

La pili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kuna kliniki ya methadoni, hulipi. Ni dawa ya kunywa, unaimeza mbele ya mhudumu kila siku, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inakaa mbali. Kama ndani hakugusa kitu, wao ndio wataamua kama anahitaji dozi au ushauri nasaha tu. Na methadoni ni ya watu wa unga. Wa bangi haiwahusu. Akianzishwa, pombe asiiguse kabisa, vikichanganyika vinaua.

Sasa gereji. Dozi ni kila siku asubuhi. Bosi wangu wa kwanza alinifukuza kwa kuchelewa, nikarudi kijiweni siku ileile. Mpangie aingie saa nne.

Nondo_Mwanjelwa: Sisi tusiovuta tunaingia saa moja. Mteja aliyeibiwa naye anapewa dawa gani?

MamaUyole: Nondo hapo kasema kweli, msimrukie. Mimi mwanangu aliniuzia mpaka sufuria za mama lishe, nikakaa wiki nzima bila biashara. Watu wanasema msamehe, mtaji hawarudishi. Mjomba, mpe kazi ila funguo za stoo zikae kiunoni kwako, na ujira wake mpe dada yako amtunzie.

NipoDozi: Mama shikamoo. Funguo sawa kabisa. Hela hapana, jasho lake mpe mkononi. Mkimficha hela mmeshamwambia bado ni mwizi, na yeye atawajibu hivyo.

MamaUyole: Marahaba mwanangu. Wewe ulinyooka, wangu nilimpa mkononi nikajuta. Hapo hatutaelewana.

Kamwene76: Swali moja fundi. Zile kabureta nani alilipa?

FundiMafiati: Mimi. Yeye hakuwahi kuulizwa.

Kamwene76: Muulize.

FundiMafiati: Mrejesho baada ya siku tano. Nimemuuliza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanitajia bei aliyouzia kila moja, mpaka mia. Kaenda mwenyewe kwa wale wateja, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara. Mmoja kamfukuza na spana mkononi. Wa pili kamwachia pikipiki inayokohoa, kasema akiitengeneza bure deni limekwisha. Wa tatu siku hizi yuko Tunduma, hatujampata.

Kliniki tumekwenda, tumepangiwa kurudi Jumatatu. Bodaboda mmoja kahama kweli, mwingine bado yupo ila kofia yake siku hizi haiachi. Hela nitampa mkononi nusu, nusu kwa dada, najua wote wawili mtanisema. Kulala analala kwa dada. Hapo kwa mke wangu sijaweza.