Naomba ushauri: uyoga huu ni wa kichuguu kweli?

Habari zenu wadau. Niko Iringa vijijini, mvua zimekolea na kuna uyoga umeota kwenye majani karibu na kichuguu. Jirani anasema ni uleule tunaoula kila mwaka. Mimi nina shaka. Wa kichuguu ukiuchimba shina huendelea kama mzizi mrefu hadi kwenye makazi ya mchwa. Huu shina linaishia juu juu. Kofia ni nyeupe, pana, ina magamba ya kahawia katikati, na shina lina pete.

Nimelaza kofia iliyokomaa juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, nikaifunika kwa bakuli. Vumbi limetoka la kijani. Nimesoma kwamba Chlorophyllum molybdites, ambao ni sumu, hutoa vumbi la rangi hiyo, ila kwenye ile michanga vikaratasi vya chini ya kofia bado ni vyeupe, na hapo ndipo jirani anaposhikilia.

Je, vumbi la kijani linatosha kuthibitisha kuwa si Termitomyces, yaani uyoga wa kichuguu, ambao vumbi lake huwa la waridi? Na nikitaka kuupeleka kwa mtaalamu, niukaushe au niupeleke mbichi? Jirani nimemzuia kwa maneno tu, msikawie.