Tupeane uzoefu: uliwahi kuacha kampuni ya safari uliyoizoea miaka na miaka? Ilikuwaje?

BintiWaLikoni

Habari zenu wapendwa. Nimekaa na hili jambo moyoni tangu Aprili nikaona niliweke hapa ju najua kuna watu wa safari humu. Mimi naishi Umoja, Nairobi, mamangu yuko Likoni, Mombasa. Tangu 2009 nimekuwa nikienda Mombasa na basi la kampuni moja tu, jina sitaji, ofisi yao iko kule chini River Road. Sio kwamba sikujua kuna zingine, ile mitaa yote ni ofisi za mabasi, ukionekana na begi tu wapiga debe wanakushika mkono, lakini mimi nilikuwa napita moja kwa moja hadi kwa mlango wangu. Dada wa tiketi akiniona anaandika 7 kabla sijafungua mdomo. Saba ni dirishani, miguu inanyooka, unaona barabara yote mbele. Desemba watu wakilala nje ya ofisi kutafuta nafasi mimi kiti changu kipo.

Sasa Aprili mama akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Nikapanda la saa nne usiku. Kama saa kumi alfajiri, hatujafika Mackinnon Road, basi likazima. Tulikaa hapo mpaka saa tano mchana, jua limeshakuwa kali, watoto wanalia, dereva hajui aseme nini. Na hebu nieleweke, basi kuharibika sikasiriki, chuma ni chuma. Kilichoniuma ni kwamba nilipigia ofisi mara kumi na moja, ikalia ikalia haishikwi, na ilipokuja kushikwa nikaambiwa mkae hapo hapo, simu ikakatwa. Mama yuko hospitali anasubiri mtu wa kumshika mkono. Miaka yote hiyo, jamani.

Kurudi Nairobi nikapanda treni kwa mara ya kwanza. Imekuwa ikipita tangu 2017 na mimi nilikuwa nakataa tu, watu kazini wakinisifia nasema nina basi langu. Nilifika stesheni ya Miritini mapema, nikaketi, ikaondoka saa yake, na tulipofika karibu na Voi machozi yakanitoka na hata siumwi. Nilihisi kama kuna mtu nimemwacha kwa steji bila kumuaga.

Ndio nauliza. Wewe ulihama? Ulipata nini, ulipoteza nini, na kuna aliyerudi?

MzeeWaMakongeni

Pole sana binti yangu, Mungu amwinue mama. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa reli, tumezaliwa kwenye nyumba za reli hapa Makongeni, kwa hivyo mimi uaminifu wangu ulikuwa kwa gari la moshi lile la zamani, la ile njia iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika hapa Nairobi 1899. Unaondoka stesheni ya mjini jioni. Mhudumu anapita kwenye kolido na kengele anaita watu kwa chakula, ukirudi unakuta kitanda kimetandikwa, shuka nyeupe, na asubuhi unafungua dirisha unapokewa na minazi. Lilienda polepole, hilo sikatai. Lakini ulikuwa umelala.

Lilipositishwa 2017 mimi sikuhama, nilihamishwa. Nikakaa karibu mwaka mzima sijaenda pwani kwa sababu ya uchungu. Kijana wangu ndiye aliyenikatia tiketi ya Madaraka, hii treni mpya, bila kuniuliza. Nilipofika stesheni ya Syokimau nikaona watu wanaambiwa wapange mabegi chini kwenye mstari, wasimame kando, mbwa anapita ananusa moja moja, nikakasirika, nikaona hii si safari ya heshima. Halafu nikaangalia vizuri, ile kazi inafanywa kwa utaratibu, kila mtu sawasawa, mwenye suti na mwenye kikapu. Nikatulia.

Na pale Tsavo, kwa sababu reli imeinuliwa juu ya tuta, unaona mbali kuliko tulivyokuwa tukiona zamani. Ndovu wekundu wa udongo ule, kundi zima na ndama wao, wanapita chini ya daraja lililoachwa kwa ajili yao. Nilimpigia kijana simu hapo hapo kumwambia. Shuka zangu bado nazikumbuka, lakini naenda.

BintiWaLikoni

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuhamishwa imenigusa.

MamaPacha_Kayole

Mimi nilihama kwa sababu ya hesabu na sijutii hata siku moja. Nina mapacha wa miaka minne. Kwa basi ama uwalipie viti viwili ama uwapakate masaa nane hadi kumi, na ukifika Mtito Andei ambapo basi linasimama watu wale waende choo, wewe mmoja una watoto wawili na begi na dakika chache, ukichelewa unapigiwa honi. Treni mtoto wa chini ya miaka mitatu halipiwi, wa mitatu mpaka kumi na moja ni nusu. Choo kiko humo humo, mtoto akisema mama nataka susu humpigii mtu magoti.

Lakini nisidanganye mtu. Viti vya daraja la kawaida vimenyooka kama vya kanisani na vinaangaliana, magoti yanagongana na ya mtu usiyemjua, upande mmoja watatu na mwingine wawili. Ukiwekwa katikati ya wale watatu, hayo masaa tano ama sita utayahesabu. Nauli nayo wengi walizoea elfu moja, tangu Januari 2024 ni elfu moja mia tano, na daraja la kwanza likatoka elfu tatu likaenda elfu nne mia tano. Hapo ndio dada yangu alirudi basi. Mimi nikabaki, ju ya choo tu kusema kweli.

LesoNaKanga

Mimi nilijaribu treni mara mbili nikarudi kwa basi langu na nitasema kwa nini. Nauza leso Eastleigh, naenda Mombasa kuchukua mzigo kila baada ya wiki tatu. Treni inakushusha Miritini. Wenye wanasema Mombasa ni Mombasa hawajawahi kutoka Miritini na marobota mawili ya leso wakitafuta matatu ya mjini. Basi linanishusha Mwembe Tayari, duka la mzigo ni mwendo wa miguu, mkokoteni ni huyo.

Na kitu kingine, basi si basi tu, basi ni posta yetu. Nikiwa Nairobi nikiishiwa na rangi fulani, napiga simu, mtu wangu anapeleka furushi ofisini Mombasa, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, kesho asubuhi naliokota River Road. Yule kijana wa mizigo nimemjua kabla hajaoa. Siku moja furushi lilikuja limelowa, akanipigia mwenyewe kabla sijafika, akalitandaza kwenye karatasi likauke. Hiyo utaikatia tiketi wapi?

BintiWaLikoni, wewe ulitupwa na ofisi, hukutupwa na wale watu. Hivyo ndivyo naona mimi.

MwalimuMstaafu

Naomba nichangie kutoka upande tofauti kidogo, safari za meli. Binti yangu ni nesi Florida, na yeye na mumewe ni wapenzi wa meli za kitalii. Kwa miaka tisa walikuwa na kampuni moja tu, mimi wamenichukua mara tatu. Zile kampuni zina madaraja ya wateja, kadiri unavyolala usiku mwingi melini unapanda, na ukipanda unapata vitu, foleni fupi, vinywaji, punguzo. Kwa hivyo kuhama ni kama kuanza darasa la kwanza tena na ushafika la nane.

Kilichowafanya wahame ni kwamba kampuni ya MSC inakubali kuangalia daraja lako la kwingine na kukupa la kwao linalolingana nalo. Tukaondokea Miami. Na hapa nataka niwe mkweli, siku ya kwanza sikuifurahia hata kidogo. Kwenye meli ya zamani kulikuwa na mhudumu wa meza, kijana wa Mombasa, alikuwa ananiita Mama, siku ya pili tu alishajua chai yangu ni ya maziwa iliyochemka pamoja na majani, si maji ya moto na kijikaratasi. Huku nikakaa mezani matangazo yanasomwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kiitaliano, lugha juu ya lugha, na chai ikaja na kijikaratasi. Nikanyamaza nisimuudhi mtoto.

Siku ya tatu tukashuka kwenye kisiwa chao huko Bahamas, kinaitwa Ocean Cay. Zamani palikuwa mahali pa kuchimba mchanga wa viwandani, wakapasafisha, wakafungua 2019. Maji ya rangi ile nilikuwa nimeyaona Watamu peke yake. Usiku mnara wa taa unawaka. Nikakaa kwenye mchanga na mjukuu mpaka tukaitwa, na tangu hapo nikaacha kulinganisha.

Kwa yeyote ambaye mtoto anamuita huko, mambo matatu niliyojifunza. Visa ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitoka na kurudi unaingia upya. Ya pili, bakshishi ya wahudumu inahesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku na inaingia kwenye akaunti yako, uliza mapema imelipwa ama bado, sisi hatukuuliza na siku ya mwisho ilitushtua. Ya tatu, lile zoezi la usalama usilikwepe hata kama ushapanda meli mara mia. Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia Januari 2012 watu 32 walikufa, na kuna abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo na zoezi bado hawajafanyiwa. Kuanzia 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanywe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Meli mpya, vituo vipya vya kukusanyika. Mimi nilienda nimezoea upande wa kulia, kituo changu kilikuwa kushoto, ghorofa nyingine kabisa.

NilikataTiketi

Nimesoma nikaona lazima niongee. Nilikata tiketi miaka sita kwenye ofisi moja hapa mjini, si lazima iwe ya BintiWaLikoni. Nataka mjue vile tulikuwa tunajua viti vyenu. Kulikuwa na karatasi yenye picha ya basi na viti vimechorwa, na pembeni nilikuwa na daftari langu mwenyewe, la kampuni halikuwa. Mama fulani anaumwa na mgongo, asikae juu ya gurudumu. Mzee fulani anashuka Mariakani, akae karibu na mlango asije akapitishwa amelala. Viti vya mbele nilikuwa navishikilia mpaka saa moja kabla basi liondoke, na kuna siku niligombezwa na msimamizi kwa kumkataza mtu mwenye pesa mkononi.

Lakini basi likiharibika njiani mimi wa dirishani nilikuwa nasikia kutoka kwa abiria. Ofisi haijaniambia kitu, sijui gari la kuokoa linatoka wapi, na simu inalia, na nyuma ya kila simu kuna mtu ana mgonjwa ama maiti ama mtihani. Kuna wakati niliacha kushika. Nasema hivyo nikiwa na majuto ya kweli. Sikuwa na jibu, na kusema sina jibu niliona ni vibaya zaidi, nilikosea.

Kwa wanaosafiri bado, mkipanda chukueni namba ya konda kabla hamjatoka mjini, na mwachieni ya mtu wa nyumbani. Yeye ndiye anayeongea na mafundi.

BintiWaLikoni

Nimesoma yenu wote, ya NilikataTiketi nimesoma mara tatu. Asante kwa kusema.

Niwape habari. Mama anaendelea, ameanza kusimama. Mimi sasa naenda na treni, nikifika Miritini kaka ananichukua tunapita barabara ya Dongo Kundu mpaka kusini, hatuvuki feri, nafika kwa mama kabla ya magharibi. Hilo sitaliacha.

Lakini wiki iliyopita nilinunua fremu ya kutembelea hapa mjini, ile ya miguu minne, na ilitakiwa ifike kesho yake na mimi sina ruhusa kazini. Nikateremka River Road. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu Aprili, na nilikuwa nimejiandaa maneno. Dada wa tiketi aliponiona akasimama, akauliza, mama? Nikamwambia nyonga. Akashika mdomo. Akasema siku ile yeye hakuwa zamu, alisikia, akatafuta namba yangu akakosa kwa sababu miaka yote hatukuwahi kupeana.

Tukapeana. Nikamuonyesha fremu, nikauliza mzigo kama huu ni pesa ngapi. Akaipima kwa macho, akasema kwenye buti itapindwa na magunia, hii haiendi chini. Akavuta ile karatasi ya viti, akachukua kalamu, akaandika jina la mama kwenye 7.