Tupeane uzoefu: ampu na sabufa kwenye gari, waya ulipita wapi na nini kilikukuta

Mdau wa Tabata

Wakuu, salaam. Kila siku humu mtu anauliza ampu gani nzuri au sabufa gani inagonga. Wa kuuliza waya hayupo. Na ukikaa gereji ya mziki wa gari utaona kwamba gari zinazorudi na malalamiko nyingi tatizo si jina lililoandikwa kwenye ampu. Ni umeme usiofika, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi la gari) mbovu, au sabufa zimeunganishwa kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ambazo ampu haikutengenezewa. Uzi huu ni wa hayo. Tuambie gari gani, ulifunga nini, tatizo lilikuwa nini na lilitibiwaje. Picha za boksi lenye taa za rangi zina uzi wake.

Naanza mwenyewe. Gari ni IST, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, haina matundu ya RCA (ya kupeleka sauti kwenye ampu). Fundi akachukua sauti kwenye nyaya za spika za nyuma, akaipitisha kwenye kile kiboksi cha kupunguza nguvu, ndipo ikaingia kwenye ampu. Hapo hakuna shida. Sabufa ni moja ya inchi 12, koili mbili, kila koili omu 4. Ampu ni monobloku (ya chaneli moja) ya wati 500 RMS, yaani nguvu halisi inayoweza kutoa mfululizo, kwenye omu 2. Kazi ikaisha, tukawasha, bezi ikatoka kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu.

Nikachomoa waya wa sabufa nikapima kwa multimita: karibu omu 7. Fundi alikuwa ameunga koili kwa sirizi (moja ikifuata nyingine), zikawa omu 8, ampu inasukuma robo tu ya inachoweza. Tukabadilisha paraleli, chanya na chanya, hasi na hasi. Kipimo kikasoma 1.7. Asishtuke mtu: multimita inapima koili ikiwa imelala, ndiyo maana inasoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Tangu hapo kioo cha nyuma kinatetemeka.

Fundi Gerezani

Umegusa penyewe mkuu. Mimi ni fundi, nasimulia Premio iliyoletwa kwangu baada ya kufungwa mahali pengine. Mteja analalamika harufu ya plastiki akipita barabara mbovu. Nikafungua boneti. Waya mwekundu umetoka betri moja kwa moja kwenda buti, hakuna fyuzi. Fyuzi ipo, ila ipo nyuma kabisa, imegusana na ampu. Waya umepenya ukuta wa injini kwenye tundu lililotobolewa kwa drili, halina mpira. Makali ya bati yamekata ganda, shaba inaonekana inang'aa upande mmoja, na pembeni ya tundu kuna alama nyeusi ilipokuwa inagusa gari likirukaruka.

Sasa pigeni hesabu. Waya ukigusa bati pale mbele, umeme unatoka betri unaingia bodi bila kupita kwenye ile fyuzi ya nyuma. Gari lingeungua lote na fyuzi ingebaki nzima. Fyuzi ya mbele inalinda waya, ya kwenye ampu inalinda ampu. Mimi ya mbele siiachi izidi sentimita 45 kutoka kwenye terminali ya betri, na tundu lolote la bati linavalishwa mpira kwanza. Mteja akigoma kulipia mpira na fyuzi, aende na gari lake.

Kaka Mkubwa

Fyuzi ya ukubwa gani kwa ampu ya wati 1000, fundi?

Fundi Gerezani

Kama ni RMS za kweli na ampu ni klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi), chukulia ufanisi wa asilimia 80. Ili itoke 1000, lazima ziingie 1250. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampia 90 na ushee. Weka fyuzi ya 100 na waya geji 4 (kipimo cha unene) wa shaba tupu. Ukiletewa wa aluminiamu uliopakwa shaba, kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe ndani, panda ukubwa wa waya au urudishe dukani. Kariakoo ipo mingi, ganda nene, ndani kamba ya kiatu.

Na "wati 3000" ya kwenye kasha isikutishe. Geuza ampu utazame fyuzi zilizochomekwa. Ikiwa ni moja ya ampia 30, zidisha kwa 13.8, unapata wati 414 zinazoingia. Hizo 3000 zitatoka wapi?

Binti Kisauni

Mimi wa Mombasa. Demio yangu ilikuwa na mluzi, nikikanyaga mafuta nao unapanda, nikiachia unashuka. Fundi wa kwanza akaniuzia filta. Mluzi ukabaki palepale, hela ikaenda.

Kakangu akaja na multimita. Mziki juu, kipimo kwenye volti za DC, ncha moja kwenye terminali ya ethi ya ampu, nyingine akairefusha kwa waya hadi hasi ya betri. Ikasoma 0.9 bezi ikipiga. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri. Kufuata waya, ethi ilikuwa imefungwa kwenye boliti ya mkanda wa siti, juu ya rangi, na kutu ya huku kwetu pwani ishaanza. Boliti ya mkanda ni ya kukuokoa wewe siku ya ajali, si pahali pa kufungia ethi. Akakwangua bati hadi likang'aa, akaweka boliti mpya na waya mfupi wenye unene sawa na ule mwekundu, juu akapaka grisi. Ikashuka ikawa 0.1.

Mluzi ulipungua lakini haukuisha. Ulikwisha alipohamisha waya za RCA upande wa pili wa gari, maana zilikuwa zimelazwa bega kwa bega na waya wa umeme kutoka mbele mpaka nyuma.

Dereva wa Fuso

Wenye magari makubwa pia tuhesabiwe. Fuso ni volti 24, betri mbili. Mwenzangu wa njia ya Tunduma alitaka mziki, fundi akamwambia rahisi, chukua umeme kwenye betri moja, hapo pana 12. Na kweli pana 12, mziki ukapiga. Muda si mrefu asubuhi gari haliwaki. Betri ile iliyobebeshwa mziki imekonda, ya pili inachemka maji, kwa sababu altaneta inazichaji zote kama kitu kimoja, haijui kwamba moja inaliwa usiku kucha. Akabadilisha moja, ikafa tena. Ukiharibu moja umeharibu zote mbili.

Mimi nimeweka konveta ya 24 kwenda 12, ampia 30. Inabeba ampu ndogo tu, wati 200 na kitu, na kwenye kabini zinatosha. Anayetaka zaidi anunue konveta kubwa.

Masauti wa Ronga

Niaje wadau. Nafunga mziki kwa matatu, Nairobi. Kwetu waya si tatizo sana, mwenye gari analipa. Shida ni dere na makanga. Ukipeana gari ikiwa imesetiwa vizuri, jioni makanga ashapandisha geini mpaka mwisho, bass boost (ya kuongeza bezi) mpaka mwisho, halafu anakuja kusema spika ulizoweka ni feki. Unanusa tu boksi unajua koili imeungua.

Geini si volyumu. Ni ya kulinganisha redio na ampu. Hivi ndivyo naiseti: chomoa sabufa, cheza mlio wa 50 Hz, redio robo tatu, bass boost sifuri. Chukua wati RMS za ampu, zidisha kwa omu, tafuta kipeuo. Ampu ya 800 kwa omu 2 inakupa 1600, kipeuo chake 40. Pandisha geini pole pole mpaka multimita, ikiwa kwa AC, isome 40. Simama hapo. Mimi huziba kitundu cha kuzungushia geini kwa tepu na kuweka alama ya kalamu. Tepu ikija imeng'olewa, garanti imeisha, na makanga anajua.

Sikio la Tatu

Njia ya Masauti ni nzuri ila multimita haioni wimbi la sauti likikatwa kichwa (sauti ikizidi uwezo na kupasuka). Redio ya bei rahisi inaweza kuwa inakata wimbi yenyewe kabla hata halijafika kwenye ampu, na multimita itakusomea 40 safi kabisa. Mwenye osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi, aitumie. Asiye nayo, redio isipite robo tatu.

Mswahili Muscat

Huku kwetu adui ni joto. Ampu imefungwa chini ya siti, kapeti juu yake, mchana wa Juni au Julai gari limesimama juani. Ukiwasha, nyimbo mbili tu, taa nyekundu ya protekti (ampu imejizima kujikinga). Watu wanabadilisha ampu bure. Niliihamishia nyuma ya siti kwenye ubao, ikiwa imeachiwa nafasi ya hewa, na hiyo taa sijaiona tena.

Kaka Mkubwa

Taa za mbele zinapepesa bezi ikigonga. Nimeambiwa ninunue kapasita. Kuna aliyeiona ikisaidia?

Fundi Gerezani

Kapasita haizalishi umeme, inauhifadhi wa sekunde tu. Kabla ya kutoa hela, ongeza waya mnene sehemu tatu: altaneta kwenda chanya ya betri (huu nao uwe na fyuzi yake), hasi ya betri kwenda bodi, injini kwenda bodi. Nyaya za kiwandani hapo ni nyembamba, hazikuwekwa kwa ajili ya ampu. Pima tena. Ikiwa betri yenyewe inashuka chini ya 12 na injini inaunguruma, altaneta imezidiwa, kapasita haitakuokoa.

Mama Aqua

Jamani na sisi wa haibridi? Sioni betri mbele.

Mdau wa Tabata

Dada, kwenye Aqua ile ya volti 12 ipo chini ya siti ya nyuma, kwa hiyo waya wa ampu unakuwa mfupi sana, hapo umetuzidi. Ni ndogo, usipige mziki gari likiwa kwenye ACC (redio inawaka ila gari halijawashwa), weka READY (gari limewashwa) ili ichajiwe na betri kubwa. Altaneta haina, ina konveta, kwa hiyo usipite ampu ya wati mia chache. Na mwambie fundi wako kabla hajainua siti: nyaya za rangi ya chungwa ni za betri kubwa, zina volti za kuua. Asizikate, asizifunge pamoja na waya wake, asipitishe drili karibu nazo.