MotoGP 2015: ubingwa uliamuliwa ofisini, na waliouamua hawajawahi kubanwa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila msimu wa 2015 wa MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, ukitajwa humu, wanaibuka watu na maneno yaleyale: "Rossi alimpiga teke Marquez, akaadhibiwa, Lorenzo akabeba ubingwa, habari kwisha." Hapana. Vijana walioanza kufuatilia juzi wanalishwa nusu ya mambo, na leo nasema yote.

Kwanza msimamo. Mbio zilikuwa 18, na waliobaki kugombea ubingwa ni Rossi na Lorenzo. Rossi, akiwa na miaka 36, alipanda jukwaani mara 15. Aliongoza tangu Qatar mwezi Machi, ukiacha pale Brno, Jamhuri ya Czech, walipolingana pointi 211 na Lorenzo akakaa juu kwa wingi wa ushindi. Lorenzo alishinda mbio 7, Rossi 4. Kwa hiyo asije mtu hapa kusema namdharau Lorenzo, maana kwa kasi tupu hakukuwa na wa kumfikia mwaka ule. Hasira yangu ni kwa waliokaa chumba cha waamuzi.

Sepang, Malaysia, 25 Oktoba. Zimebaki mbio mbili, Rossi yuko mbele kwa pointi 11. Alhamisi kabla ya mbio hiyo, mbele ya waandishi, kamtuhumu mwendeshaji mwenzao Marquez kwamba kwenye mbio iliyotangulia, Phillip Island kule Australia, alikuwa anamsaidia Lorenzo. Tuhuma hiyo siikubali hata kidogo: Marquez alimpita Lorenzo mzunguko wa mwisho kule Phillip Island na kumpokonya pointi 5. Msaada gani huo?

Sepang ni jambo lingine. Lorenzo na mwendeshaji mwingine, Pedrosa, wanaondoka mbele. Marquez, ambaye ubingwa ulishamponyoka zamani, anabaki kukabana na Rossi. Huyu anapita kwa ndani, yule anarudisha kona inayofuata, mzunguko mzima ni hivyohivyo, na kila wakipitana Lorenzo anazidi kupotea mbele. Mzunguko wa 7, kona ya 14, kona ya kulia. Rossi anaingia kwa ndani lakini hakati. Anapunguza mwendo, anamsogeza mwenzake nje, anageuza kichwa kumtazama. Anamtazama tena. Marquez anailaza pikipiki kurudi ndani, wanagusana, mguu wa kushoto wa Rossi unachomoka kwenye kikanyagio, na Marquez yuko chini.

Nimeitazama picha hiyo polepole, mbele na nyuma. Teke silioni. Ninachoona ni mtu aliyemtoa mwenzake kwenye njia kwa kukusudia, na hilo ni kosa, lilistahili adhabu. Hapo hatugombani.

Tunagombana kuhusu adhabu yenyewe na siku iliyotolewa. Waamuzi walitangaza kwamba tukio linachunguzwa, wakaacha mbio ziende mpaka bendera. Rossi akamaliza wa tatu na kuondoka na pointi zake 16 zote. Marquez aliyeanguka kaambulia sifuri. Baada ya hapo ndipo wakampa Rossi pointi 3 za adhabu, ambazo hazikukatwa kwenye msimamo bali zilihesabiwa kivyake.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanaparuka. Kwa kanuni za wakati ule, pointi 3 peke yake hazikukupeleka popote. Zikifika 4 ndipo ulianza mbio inayofuata mwisho wa gridi, yaani nyuma ya wote. Rossi alikuwa nayo moja tayari, ya Misano mwezi Septemba, kwa kumzibia Lorenzo njia kwenye muda wa kusaka nafasi za kuanzia. Yaani kosa dogo la Jumamosi moja Italia ndilo lililogeuza adhabu ya Sepang kuwa kitanzi cha Valencia, mbio ya mwisho ya msimu. Waamuzi walikuwa na daftari mbele yao. Walijua 3 na 1 ni ngapi. Ni kama refa aone faulo dakika ya 20, aache matokeo yasimame, halafu aamuru timu ikacheze fainali ikiwa na watu saba.

Na kuna linaloniumiza zaidi. Mkurugenzi wa mbio, Mike Webb, alieleza baada ya kikao kwamba wao wenyewe waliamini Marquez alikuwa anamvuruga Rossi kwa makusudi, ila kwa kuwa hakumgusa, hakuvunja kanuni. Mliliona! Mliona mtu asiyegombea ubingwa anauingilia, mkanyamaza mzunguko wa tano, mkanyamaza wa sita, mkasubiri ajali ya wa saba. Hata onyo moja halikutoka.

Rossi akakata rufaa, wasimamizi wa FIM, shirikisho la dunia la mchezo wa pikipiki, wakamkatalia palepale Sepang. Akaenda mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, na tarehe 5 Novemba ikakataa kuisimamisha adhabu. Lorenzo naye akaomba aingizwe kwenye kesi ile, wakamkatalia. Mkutano wa waandishi wa Alhamisi ya Valencia ukafutwa, waendeshaji wakaitwa kikaoni. Wiki ya kuamua ubingwa wa dunia, na sisi mashabiki tunafungiwa mlango.

Tarehe 8 Novemba Rossi akaanzia nafasi ya 26. Kabla mbio hazijafika nusu alikuwa wa nne, na mbele yake hakuna kitu ila lami tupu, watatu wa kwanza walishakwenda zao. Marquez alikaa nyuma ya tairi la Lorenzo mizunguko 30 na sikuona jaribio hata moja la maana la kumpita. Pedrosa alipompita Marquez mwishoni, Marquez alijibu papo hapo. Mwisho wa siku Lorenzo 330, Rossi 325.

Sasa pigeni hesabu hii. Wangemtoa Rossi kabisa Sepang, akapata sifuri, angekwenda Valencia na 296 dhidi ya 305 za Lorenzo. Pointi 9 nyuma, akianzia nafasi aliyoipata kwa muda wake mwenyewe, akilazimika kupigana pale mbele. Huenda angeshindwa. Ningekubali na kulala usingizi. Ila ingekuwa adhabu ya kosa, kwenye mbio ya kosa, na fainali ingebaki fainali kwa Rossi, kwa Lorenzo na kwetu. Lorenzo mwenyewe wamemdhulumu, taji lake la tatu la daraja la juu linabishaniwa mpaka leo bila yeye kuwa na kosa.

Mwaka 2017 mfumo ule wa pointi za adhabu ukafutwa. Ulikuwa mzuri kiasi cha kuamulia ubingwa, misimu miwili baadaye haufai tena?

Mnaowatetea waamuzi, hoja za teke wekeni pembeni, nijibuni hili tu: kama kosa lilikuwa zito kiasi cha kumrudisha mtu nafasi ya 26 kwenye mbio ya ubingwa, kwa nini zile pointi 16 za Sepang hawakumnyang'anya?